Jipu Niliyoiosha Mtoni

Dilala, Kolwezi
Jumamosi alasiri

Numbi, binti yangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Manika kuwaaga wenzako wa kwaya, na nyumba imetulia. Nimevuta meza hadi dirishani. Kutoka hapa ninaiona motokari ya dispensari pale uani, imepakiwa masanduku ya dawa na godoro lako, na juu yake wamefunga zile ndoo mbili ambazo mama yako amekataa kabisa uziache. Kesho asubuhi utaiwasha na kushika njia ya Mutshatsha, kwenye kazi yako mpya ya uuguzi.

Sitakuandikia juu ya maji ya radiata, wala upepo wa mipira, wala vumbi kwenye chujio. Tata Mukendi, fundi wako, amekuandikia hayo yote kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na yeye anajua kunipita. Ninakuandikia jambo ambalo nilipaswa kukuambia tangu ulipoanza kuelewa maneno ya watu wazima. Nilitaka kuificha barua hii chini ya kiti cha dereva, uikute ukiwa mbali. Mama yako aliposikia mpango huo akasema, "Ile iko woga tena. Umupe mutoto asome hapa, akuangalie mu macho." Basi nitaiweka juu ya begi lako la nguo kabla hujarudi.

Jambo lenyewe ni juu ya siku uliyozaliwa.

Hadithi unaijua, nimeisimulia kila mwaka. Jipu yetu ilikufa njiani, mama yako akiwa na uchungu wa kukuzaa. Mimi nikalala kwenye matope chini ya motokari, nikaitengeneza, nikawafikisha hospitali. Na jipu ilikufa kwa kosa la fundi Mukendi, aliyetia mafuta mabaya. Hivyo ndivyo nilivyosema kwako, kwa majirani, kwa watu wa parokia, na kwenye garaji ya kampuni. Numbi, Mukendi hakutia mafuta mabaya. Jipu niliiua mimi.

Wakati ule nchi ilikuwa haijaitwa Zaïre bado. Nilikuwa dereva wa wale wanaotafuta madini porini, kijana mwenye kofia safi, na nilikuwa nimenunua jipu kuukuu kutoka kwa mpimaji mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Magurudumu yote manne yalikuwa yanavuta. Katika barabara yetu hakuna mfanyakazi mwingine aliyekuwa na motokari yake mwenyewe, sembuse ile. Nilikuwa naipeleka sokoni mahali ambapo ningefika kwa miguu haraka zaidi.

Mukendi alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu. Yeye alitoka Kasai na baba yake, mimi nilitoka Kongolo, tukakutana kwenye garaji ya kampuni. Kazi ikiisha, alikuwa anatengeneza motokari za watu kwenye parseli yake, uani kwake. Nilipoleta jipu mara ya kwanza aliingia chini yake, akakaa huko muda mrefu, akatoka akiwa na furaha kana kwamba ni yake.

"Iko muzima," akaniambia. "Lakini usidanganyike na rangi. Motokari ya namna hii inaishi chini. Iko na ponti mbili, moja mbele, moja nyuma. Ukipita mu maji, kesho yake ufungue kizibo ya ponti, uangalie mafuta. Kama imefanana na chai ya maziwa, umwage yote, utie mupya. Usingoje hata siku moja."

Akanipa na ufunguo wa kufungulia kizibo. Ponti unaijua sasa, Numbi, umeishika kwa mikono yako wiki hii: ni lile boga la chuma katikati ya magurudumu. Ndani yake meno yanasagana, na ni mafuta tu yanayoyazuia yasilane. Nilimwitikia Mukendi, nikautupa ufunguo ndani ya sanduku, nikasahau.

Jumapili moja, baada ya misa, niliipeleka jipu kwenye kijito nyuma ya Musonoi. Nilikuwa nimeizungusha mbali kwanza, chuma chote kilikuwa cha moto. Watu walikuwa wengi pale, wanafua, wanaoga. Ningeweza kuchota maji kwa ndoo kama mtu mwenye akili. Nikaona afadhali niingie nayo mtoni, wanione. Nikaingia hadi maji yakafunika magurudumu nusu, nikaizima, nikavua viatu, nikaanza kuiosha taratibu nikipiga mluzi. Ilikaa mle zaidi ya saa nzima. Sikujua, au nilijua na sikutaka kujua, kwamba ponti ya moto ukiitumbukiza kwenye maji baridi inavuta pumzi, na inayavuta maji pamoja na pumzi.

Iling'aa, Numbi. Watu walisimama kuiangalia ilivyotoka mtoni.

Baada ya siku chache mama yako akaniambia, "Tata, unasikia ile kelele kule nyuma?"

"Kelele gani?"

"Kama mutu anasaga mawe kidogokidogo."

Nikamwambia, "Weye unajua nini ya motokari?"

Akasema, "Ya motokari sijui. Lakini masikio niko nayo."

Niliisikia ile sauti mimi pia. Ndilo ninalotaka ulijue. Niliisikia kabla yake. Lakini kumwendea Mukendi ilikuwa ni kusema nimeingiza ponti mtoni kwa kujionyesha, na sikuangalia mafuta kama alivyoniambia. Niliona aibu ya kuchekwa dakika tano. Kwa hiyo nikawa napandisha sauti yangu nikiendesha, naimba, ili chuma kisisikike.

Ndipo ukaja msiba wa nyanya yako, mama wa mama yako, kule upande wa Lubudi. Mama yako alikuwa bado na mwezi mzima mbele yake, kwa hesabu zetu. Tulikwenda, tukazika. Tulipokuwa tunarudi, mvua ilikuwa imenyesha kutwa, na uchungu ukamshika njiani. Pamoja nasi alikuwa shangazi yake, mama mtu mzima aliyekuwa amezalisha wanawake wengi. Akamshika tumbo, akaniambia, "Endesha. Huyu mutoto hakai vizuri. Anaomba hospitali, haombi mimi."

Nikaendesha. Kama saa moja baadaye, ponti ya nyuma ikapiga kelele moja kama mlango wa chuma unaovunjwa, na magurudumu ya nyuma yakakwama. Jipu ikateleza ikakaa upande wa barabara. Haikwenda mbele wala nyuma.

Katika hadithi yangu, hapa ndipo ninapokuwa hodari. Kweli ni kwamba nilishuka, nikaingia chini, nikaona mafuta yanachuruzika kutoka kwenye boga lililopasuka, meupe, kama chai ya maziwa. Nikajua papo hapo. Nikalala pale kwenye matope, nikafunika uso, nikalia. Sikufanya kazi yoyote. Shangazi alikuwa ananiita, sikuitikia. Nilikuwa naona tayari makaburi mawili.

Mama yako ndiye aliyeninyanyua. Alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya barabara, anashika nyasi kila uchungu unapopanda. Uchungu ulipomwachia kidogo akainama, akaniangalia chini ya motokari.

"Tata, kitu gani imekufa?"

"Ponti ya nyuma."

"Na ya mbele?"

"Ya mbele iko muzima."

"Si weye ulikuwa unawaambiaka batu mbele nayo inavutaka? Basi ya nyuma uitoe. Twende na ya mbele."

Nilikuwa nimeendesha motokari miaka sita, Numbi. Wazo hilo halikuwa limenijia. Nikatoa funguo. Kwenye kila gurudumu la nyuma kuna kifuniko chenye nati. Ukizifungua, unauvuta mti wa chuma unaotoka pontini. Nikavuta wa kulia, nikavuta wa kushoto. Kisha nikafungua kardani, ule mti mrefu unaopeleka nguvu nyuma. Magurudumu yakawa huru, yanazunguka tu kama ya mkokoteni. Nikaziba matundu kwa vipande vya kitenge cha shangazi. Nati moja ikaniangukia matopeni, nikaitafuta kwa vidole kama kipofu. Mama yako alikuwa anauma nguo ili nisimsikie. Nilimsikia.

Nikaweka gia ya magurudumu ya mbele, nikaachia klachi polepole. Jipu ikavutwa na mbele yake, ikapanda barabarani. Tukaenda hivyo hadi Kolwezi, polepole, nikiogopa kila shimo.

Ulizaliwa mzima, mama yako akabaki mzima. Ningeishia hapo, ningekuwa mtu mwenye bahati tu.

Lakini siku ya pili wenzangu wa garaji walikuja kunipongeza. Wakaniuliza, "Imekuwa namna gani?" Nikafungua kinywa kusema nimeosha jipu mtoni, na kikatoka kitu kingine. Nikasema, "Muulizeni Mukendi ametia mafuta gani." Nilisema nikicheka, kama utani. Hakuna aliyecheka. Mkuu wa garaji alikuwa pale. Wiki ileile Mukendi akaondolewa kwenye mashine, akapelekwa kuziba mipira ya magurudumu, na huko akakaa miaka mingi. Watu wa Dilala wakaacha kupeleka motokari zao kwenye parseli yake. Na mimi, kila nilipoulizwa tena, nikaongeza kidogo. Uongo ukishasemwa mara tatu unakuwa na mahali pake nyumbani kama kiti.

Yeye hakuja kunigombeza. Ndiye aliyeivuta jipu hadi kwake, akaifungua ponti, akatafuta nyingine, akaifunga, akanirudishia motokari bila neno. Nilikichukulia kimya chake kuwa hajui. Ile jipu unajua mwisho wake: askari waliichukua mwaka wa vita, hatukuiona tena.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma zaidi. Ulikuwa na miaka saba, siku ya komunyo yako ya kwanza. Mukendi alikuja uani kwetu na kikapu kidogo cha karanga alichokuletea. Wewe ukasimama mbele yake na gauni lako jeupe ukasema, watu wote wanasikia, "Mi sitaki. Ni weye uliharibu motokari ya baba yangu." Akaniangalia. Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwenu. Nikageuka kana kwamba nimeitwa. Akaweka kikapu chini, akaenda. Ulikuwa mtoto uliyerudia ulichofundishwa. Mwalimu alikuwa mimi.

Mama yako alijua yote. Hakunisema mbele za watu hata siku moja, ila aliendelea kwenda kwa mke wa Mukendi na kukaa naye, na alipokuwa akirudi hakuwa akinisimulia waliyozungumza. Na parokia iliponunua hii motokari kuukuu kwa ajili ya dispensari na kukupa funguo, ni yeye aliyekuambia uipeleke kwa Mukendi. Ulimuuliza, "Yule wa mafuta mabaya?" Akajibu, "Yule yule. Hapana kwa mungine." Nilisikia nikiwa chumbani. Nikakaa kitandani kama mtu aliyeitwa na hakimu.

Jumatano nilikuja hadi kwenye lango la parseli yake. Hamkuniona. Ulikuwa umelala chini ya motokari kwenye gunia, yeye kando yako, anakuonyesha kizibo cha ponti ya nyuma. Mama aliyeiuza kwa parokia alisema inatoka mikononi mwa watu waangalifu, na mimi siamini maneno ya namna hiyo. Mukendi akakwambia, "Fungua weye mwenyewe." Ukafungua. Nilishika lango. Mafuta yakatoka meusi mazito, yanang'aa, bila tone la maji. Ukayasugua kati ya vidole, ukayanusa, kama ninavyokuona ukinusa dawa. Mukendi akasema, "Hii ni muzima." Nilijua basi kwamba utaendesha kitu kisicho na siri tumboni.

Ukatoka kwenda ofisini kupigisha mihuri karatasi zako, nikajibanza kando ya ukuta hadi ukapita, ndipo nikaingia.

Alikuwa anafuta mikono. Nikasema bila salamu, "Mukendi, ile ponti ni mimi. Niliingia nayo mtoni. Sikuangalia mafuta. Na nilijua."

Akaendelea kufuta kidole kimoja kimoja.

"Nilijuaka," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu niliifungua. Maji ilitoka mbele ya mafuta. Mafuta mabaya haiwezi kuleta maji."

"Sasa juu ya nini ulinyamaza?"

"Bibi yako alikuwa na mutoto wa siku tatu. Ningekuja kugomba mu nyumba ya namna ile?" Akatupa kitambaa. "Kisha nilingojea uje weye mwenyewe. Nilingoja. Nikakasirika sana, usifikiri sikukasirika. Kulikuwa siku nilikuwa ninapita njia ingine juu nisikuone. Halafu nikachoka kukasirika. Niko na kazi, niko na batoto."

Nikamwambia naomba msamaha, na neno lenyewe lilikuwa dogo mno. Akakaa kwenye kreti, akanionyesha nyingine.

"Ikala, ukae," akasema. "Umechelewa, lakini umefika."

Tukakaa. Baadaye akaanza kucheka, na nikamuuliza anacheka nini. "Mu mto!" akasema. "Umeingia mu mto na ponti ya moto, juu bibi za Musonoi bakuone!" Akacheka hadi akashika mbavu. Zile ndizo dakika tano nilizozikimbia miaka yote hii. Nilichekwa, nikacheka naye, na hakuna kilichonikuta.

Aliniambia si lazima niwaambie wengine. Lakini nilikwenda. Juzi nilipita kwa wazee wa garaji waliobaki, nyumba kwa nyumba. Wengi walisema wamesahau. Mkuu wa zamani aliinamisha kichwa. Na mke wa Mukendi aliponisikiliza hadi mwisho alinijibu, "Bale balisahau. Mi sikusahau." Hakuniandalia kiti. Ana haki, na nitarudi tena, hata asiponiandalia.

Umebaki wewe. Nilikuogopa kuliko wote.

Tata Mukendi atakuja kesho kuisikiliza injini kabla hujaondoka. Sikuagizi la kumwambia. Na kwangu pia, sema utakalosema.

Juu ya motokari nina haya mawili tu. Huko uendako utabeba wanawake kama mama yako alivyokuwa siku ile. Mtu akikwambia anasikia sauti, hata kama ni bibi kizee aliyepanda motokari mara ya kwanza, simama ushuke. Na ukikosea, kwa maana utakosea, tuma habari siku ileile kwa Mukendi au kwangu. Mimi nakuahidi sitakucheka zaidi ya dakika tano.

Nimeandika hadi hapa na mkono wangu haujachoka. Kifua changu ni chepesi kama cha mtu aliyeshusha gunia la mahindi, bado ninanyoosha mgongo bila kuamini.

Kuna kipande kimoja cha siku ile ambacho sijawahi kukusimulia, kwa sababu hakikunipamba. Tulipofika hospitali walimtoa mama yako kwa machela, shangazi akawafuata, na mimi nikashindwa kushuka. Nilibaki nimekaa nyuma ya usukani, matope hadi kwenye nywele, nikingojea mtu aje kuniambia mmekufa. Alikuja muuguzi, msichana wa rika lako la sasa, ananitafuta kati ya motokari. Alikuwa amekubeba. Nikanyoosha mikono dirishani, akaiona ilivyo na grisi hadi viwikoni, akarudi nyuma hatua moja.

"Hapana, tata," akasema. "Umuangalie tu."

Nikakuangalia. Ulikuwa umekunja uso, unapumua.

Baba yako